Injini Iliyoandikwa Mara Tatu

"Mara tatu," Bwana Fehrle alirudia, kidole chake kimegota kwenye kioo cha kompyuta. "Kiwandani waliandika mara moja. Hizo mbili nyingine, Bi Kugler, ameziandika nani?"

Hapo ndipo tulipokatia juma lililopita, na siku saba nzima mmemwacha Bi Roswitha Kugler amesimama ofisini mwa gereji, faili kifuani, mdomo wazi. Kwa aliyejiunga leo nasema upesi. Gari lake la kuuzia mikate lilimfia barabarani Jumatatu. Gari lina miaka miwili, waranti ni ya miaka mitano. Apewe injini mpya kwa waranti, la sivyo hana gari. Na gari lisiporudi barabarani Jumatatu ijayo, halmashauri inawapa wengine njia yake ya vijiji vinne visivyo na duka, njia aliyoanza kuipita kabla hajawa mjane.

Haya, twende.

"Nani ameandika nini?" Bi Roswitha akafoka. "Mimi hata kadi za Krismasi naandikiwa na binti yangu!"

"Nasema kompyuta ya injini. Ndiyo ubongo wake. Kila ikifunguliwa na kuandikwa upya, inahesabu. Haisahau."

"Basi imekosea hesabu."

"Hii haikosei."

"Kila mashine hukosea. Hiyo yenu ya kahawa pale mlangoni imenipa supu."

Bwana Fehrle hakucheka. Huyu ndiye mkuu wa mafundi, mtu anayepiga pasi ovaroli lake, mikunjo imenyooka kama reli. Akavuta karatasi, akaisukuma mezani.

"Hapa panasema: mwenye gari anatamka kwamba hakuna mtu aliyeigusa injini nje ya gereji hii. Weka saini. Mkaguzi uliyemwomba anafika saa tano. Kama ni kweli, huna la kuogopa."

Bi Roswitha akashika kalamu.

Nyuma yake mkwewe Jannik, aliyemleta, akasema anatoka kidogo kuvuta sigara.

Kalamu ikasimama hewani. Jannik aliacha sigara siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa.

*

Alimkuta uani, analizunguka gari jipya kama mtu mwenye nia ya kulinunua.

"Jannik."

"Mama."

"Una sigara?"

"Sina."

"Basi vuta pumzi, useme."

Jannik akatazama juu, akatazama chini. Kijana ana mabega ya kubeba mlango, lakini mbele ya mama mkwe mabega yale yalishuka yakawa ya mtoto wa shule.

"Ilikuwa zawadi," akasema. "Ya siku yako ya kuzaliwa. Kila siku ulikuwa unalalamika. Mlima wa Kaltensteig, gari limejaa mikate, linakohoa, malori yanakupigia honi nyuma. Kuna jamaa bondeni anaongeza nguvu kwa kompyuta. Hagusi hata spana, mama. Anachomeka waya tu, dakika arobaini, kwisha."

Bi Roswitha akahesabu miezi kichwani. Aprili. Tangu Aprili gari lilikuwa likipanda Kaltensteig kama mbuzi.

"Na mimi nikadhani ni dizeli ya kile kituo kipya! Nimekisifu kituo cha watu vijiji vinne!"

"Nilikuwepo ukikisifu."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa na furaha, mama. Ulikuwa unaimba."

"Hiyo ni mara moja. Ya pili?"

"Jumatatu jioni. Nilimwita yule jamaa, akaja hadi uani kwako, akairudisha injini ilivyotoka kiwandani kabla gari la kukokota halijafika. Nilidhani nimefuta nyayo."

"Umezifuta kwa viatu vya matope."

Jannik akamsogelea, akanong'ona. "Saini, mama. Sema pengine ni gereji hii yenyewe iliyogusa kompyuta, hujui. Yule jamaa hatasema. Mimi sitasema. Svenja hajui kitu."

"Mke wako hajui?"

"Angejua angeniua."

"Nafasi bado anayo."

Bi Roswitha akaenda mpaka getini, akarudi. Akaenda tena. Miguu ilikataa kutulia. Ijumaa kama leo, saa nne na nusu, alipaswa kuwa kijijini Hohenlauf, anapiga kengele, watu wanatoka na mifuko ya kitambaa. Mzee Eugen, miaka tisini na moja, ananunua nusu mkate, nusu tu, ili Jumanne awe na sababu ya kutoka tena. Binti mmoja wa halmashauri aliwahi kumwambia, "Bi Kugler, hao watu wanaweza kuagiza mikate kwa simu." Akamjibu, "Na simu itawauliza goti linaendeleaje?"

"Nitasaini," akasema hatimaye. "Mungu atanisamehe. Na asiponisamehe, atanikuta Hohenlauf."

Wakaingia ndani.

Lakini Bwana Fehrle hakuwa tena anaangalia kompyuta. Alikuwa anaangalia faili. Faili la Bi Roswitha, alilolisahau mezani alipomkimbilia mkwewe.

*

"Bi Kugler," akasema kwa upole wa kutisha, "wewe ni mtu wa utaratibu sana."

"Ndivyo nilivyolelewa."

"Kila karatasi ina matundu yake mawili. Kila kitu kwa tarehe. Tairi. Bima. Ukaguzi. Na hii."

Akainua karatasi moja. Ilikuwa na mhuri wa duara, wa bluu, wa wakaguzi wa magari. Akaisoma kama padri anayesoma tangazo la ndoa:

"Aprili kumi na nne. Injini imeongezwa nguvu kwa njia ya kompyuta. Imekaguliwa. Imekubaliwa. Iandikwe kwenye kadi ya gari."

Akaiweka juu ya lile tamko lisilo na saini.

Bi Roswitha akageuka taratibu.

"Jannik. Ulilifanya jambo hili kwa siri."

"Ndiyo, mama."

"Halafu ukaenda kulisajili."

"Bila kusajili bima inakufa!" Jannik akapaza sauti, uso mwekundu. "Ni kinyume cha sheria! Mimi si mhuni!"

Bwana Fehrle alifunika uso kwa mkono, na mabega yakamtikisika. "Miaka ishirini niko hapa," akasema alipopata pumzi. "Nimeona wanaodanganya, nimeona wanaofuata sheria. Anayefanya yote mawili kwa gari moja, ndiyo kwanza leo."

"Na wewe, mama, kwa nini uliifaili?" Jannik akalalamika. "Niliificha kwenye droo ya gari!"

"Ilikuwa na mhuri! Chenye mhuri nakitoboa matundu. Sikisomi!"

Kicheko kikamzimika Bwana Fehrle usoni kama taa. Akaichana vipande viwili ile karatasi ya tamko, akaitupa kapuni.

"Hii haina kazi tena. Na waranti imekufa. Pole sana, Bi Kugler. Mkaguzi akifika nitamwambia amesafiri bure."

Jannik akakaa chini, kichwa mikononi. Bi Roswitha hakukaa.

"Mmeifungua injini?" akauliza.

"Haina haja."

"Sasa mmejuaje kilichoiua?"

"Imeongezwa nguvu. Imekufa. Kuna swali gani hapo?"

"Bwana Fehrle, mtu akila pilipili asubuhi, mchana akagongwa na baiskeli, daktari ataandika kafa kwa pilipili?"

"Hilo ni jambo jingine."

"Nipe kitabu cha waranti."

"Kina kurasa sitini."

"Mikate yangu imeshachacha. Nina muda."

Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma kama anavyochagua mbegu, moja baada ya moja. Bwana Fehrle akatazama saa. Akagonga kalamu. Akapigiwa simu, akaikata. Jannik akainua kichwa. Ukurasa wa kumi. Ukurasa wa ishirini na tatu. Ukurasa wa thelathini na moja, kidole kikasimama.

"Hapa. 'Waranti haitalipia uharibifu uliosababishwa na mabadiliko ya injini.' Uliosababishwa. Hawakusema gari lote linafukuzwa nyumbani."

"Kila mtu anajua injini iliyoongezwa nguvu hufa mapema."

"Kila mtu ndiye nani? Mlete hapa, asaini."

"Hata mimi ningependa kumwona," ikasema sauti mlangoni.

*

Alikuwa mwanamke mfupi, nywele za mvi zimekatwa kama za mvulana, begi la chuma mkononi. Bi Ostertag, mkaguzi wa kujitegemea. Hakumpa mtu mkono, kwa kuwa tayari alikuwa anavaa glavu.

"Liko wapi gari?"

"Bi Ostertag, mambo yamebadilika," Bwana Fehrle akaanza. "Tuna karatasi hapa inayoonyesha kwamba..."

"Karatasi huwa nasoma nyumbani, na chai. Hapa nafungua injini. Bila kufungua siandiki hata tarehe."

Gari lilikuwa juu ya lifti, maneno MIKATE YA KUGLER yamechakaa ubavuni. Bi Ostertag alitoa kamera nyembamba kama nyoka, akaipitisha tundu moja baada ya jingine, akaitazama picha kimya. Bi Roswitha alimzunguka huku, akamzunguka kule. Jannik alitafuna kucha.

"Bibi, unanikanyagia waya," akasema mkaguzi.

"Samahani. Unaona nini?"

"Naona pistoni safi. Nguvu ikizidi, pistoni huungua, huyeyuka pembeni kama jibini. Hizi ni nzima. Turbo nayo nzima."

Jannik akashika mkono wa mama mkwe. Mama mkwe akauchomoa. Alikuwa bado hajamsamehe.

"Fungueni bakuli la oili."

Fundi akaangalia upande wa Bwana Fehrle. Bwana Fehrle akaangalia ukuta. Mnaona wenyewe, wasomaji wangu. Mtu asiye na wasiwasi haangalii ukuta.

Bolti zikalegezwa. Oili ikashuka, nyeusi, na ndani yake vijipande, vijipande, kama majani ya chai. Bi Ostertag akachota kimoja, akakisugua kati ya vidole viwili.

"Mpira," akasema. "Ndani ya injini hii kuna mkanda unaozunguka umelowa oili. Umemumunyuka. Makombo yameziba chujio, oili haikupanda, injini ikakauka kiu. Bibi, siku gari lilipokufa, breki zilikuwaje?"

"Ngumu kama jiwe! Nilizikanyaga kwa miguu miwili. Bahati nilikuwa tambarare, nikaishia kwenye shamba la viazi, trekta likanivuta hadi nyumbani."

"Makombo haya haya huiziba pampu inayosaidia breki. Ungekuwa mlimani tusingekuwa tunaongea." Akainusa oili, akaimwaga kidogo kwenye kichupa. "Mkanda huu hauliwi na nguvu ya injini. Huliwa na oili isiyo yake. Ni nani aliyebadilisha oili mara ya mwisho?"

Bi Roswitha hakuhitaji faili kujibu hilo.

"Hapa," akasema. "Mwezi wa sita. Lifti hii hii."

Jannik akaruka kama timu yake imefunga goli. "Mama! Si mimi! Hukusikia? Si mimi!"

"Nimesikia. Funga mdomo, bado uko matatani."

Bi Ostertag akafunga begi. "Naandika ripoti mchana huu. Nipeni meza na kahawa."

"Usibonyeze kitufe cha juu," Bi Roswitha akamwambia.

Mngedhani hadithi yetu imefika mwisho mwema, sivyo? Subirini. Bwana Fehrle alimgusa Bi Roswitha kiwiko.

"Neno moja, Bi Kugler. Faragha."

*

Alifunga mlango wa ofisi. Alishusha pazia. Aliketi, akainuka, akaketi tena.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," akasema, "gari lako litakuwa linanguruma mlangoni pako. Injini mpya kabisa. Haimo kwenye waranti, ni hisani ya gereji kwa mteja wa siku nyingi. Siulizi kompyuta, siulizi mkwe, siulizi mhuri. Hii hapa fomu."

Bi Roswitha akaisoma, kidole mstarini. Ilikuwa fupi. Mstari wa mwisho ulisema mteja anaondoa ombi lake la ukaguzi, na ripoti haitaandikwa.

Mafundi wake watafanya kazi Jumamosi na Jumapili, akaongeza Bwana Fehrle. Jumapili! Katika mji huu mtu hapigi hata msumari ukutani siku ya Jumapili.

Kitu chote alichokitaka kilikuwa pale, chini ya kidole. Kengele. Hohenlauf. Mifuko ya kitambaa. Akaishika kalamu, akatafuta mahali pa saini.

Lakini bibi aliyezoea kuuza mikate anajua: mteja anayekulipa upesi mno, mwangalie ameficha nini chini ya koti.

"Kwa nini hutaki iandikwe?"

"Ni mambo ya ofisi."

"Oili ilitoka wapi?"

Bwana Fehrle akatazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza, mkunjo mmoja wa ovaroli lake ulikuwa umeharibika.

"Kwenye pipa," akasema. "Tuliletewa pipa la oili isiyofaa mkanda huo. Kibandiko kilifanana. Nililigundua baada ya juma moja, nikalitoa. Nikajiambia, oili ni oili, itavumilia mpaka sevisi nyingine. Nilikosea."

"Juma moja. Magari mangapi?"

"Yenye mkanda kama wako? Tisa."

"Umewaita wenyewe?"

Bwana Fehrle akaunyoosha ule mkunjo kwa kidole gumba.

"Bwana Fehrle, umewaita?"

"Nikiwaita kwa barua, kiwanda kitatunyang'anya leseni! Watu kumi na wanne wanakula hapa, Bi Kugler. Unawajua. Fundi aliyefungua gari lako ni mtoto wa jirani yako. Nimepanga kuwaita mmoja mmoja, kimya kimya, niwape sevisi ya bure. Nipe mwezi. Mwezi mmoja tu."

"Nioneshe majina."

"Ni siri ya wateja."

"Nami nina kalamu mkononi, na fomu yako haina saini."

Akafungua droo. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Ilionekana imefunguliwa mara nyingi. Bi Roswitha akashusha kidole. La kwanza, mfugaji wa kuku. La pili, fundi bomba. La tatu hakulijua. La nne halikuwa jina la mtu.

*Halmashauri. Basi dogo. Viti kumi na sita.*

Kidole hakikuendelea.

"Hili basi," akauliza kwa sauti ndogo, "ndilo hili lililoanza juma hili?"

Alijua jibu kabla ya kuuliza. Tangu gari lake lilipokufa, halmashauri ilituma basi dogo kuwachukua wazee wa vijiji vyake vinne na kuwapeleka mjini kununua mikate. Ndilo lililokuwa linajaribiwa. Likifanya vizuri, Jumatatu njia ingekuwa yake daima.

"Ndilo," akasema Bwana Fehrle. Kisha, kwa haraka, kama mtu anayetaka neno limpite mdomoni kabla hajalisikia mwenyewe: "Na likiharibika, Bi Kugler, hutakuwa na mpinzani."

Bi Roswitha akamtazama mpaka akainamisha macho.

Saa ya ukutani ilisema sita kasorobo. Ijumaa. Basi hupanda saa tano, humalizia Hohenlauf, na kutoka Hohenlauf kuja mjini njia ni moja tu. Kaltensteig. Kilomita nne za mteremko, kona saba, ukuta wa mawe upande mmoja na hewa upande wa pili.

Aliiweka kalamu mezani.

"Mpigie dereva."

"Nikipiga simu hiyo, kila kitu kinajulikana leo hii. Hisani itakuwa hakuna. Utasubiri ripoti, utasubiri kiwanda kijibu, miezi mitatu, pengine minne. Hakuna injini, hakuna Jumatatu. Umenielewa? Njia yako umeitupa kwa mkono wako mwenyewe."

"Nimekuelewa. Piga."

Hakupiga. Alikaa, simu mbele yake, kama mtu aliyekatwa mikono.

Bi Roswitha hakumsubiri. Namba ya dereva hakuwa nayo, lakini ya mzee Eugen aliijua kwa moyo. Mwenyewe alimfundisha kutumia simu ya mkononi, majira yote ya baridi, kitufe kwa kitufe. Ililia mara moja. Mara mbili. Mara tano.

"Roswitha!" Sauti ya mzee ilijaa furaha, na nyuma yake vicheko na kelele za wazee waliotoka matembezi. "Hutaamini! Nimekaa dirishani! Ila mikate yako ndiyo mikate, hawa wa mjini..."

"Mko wapi, mzee Eugen? Haraka!"

"Ndiyo kwanza tunaanza kuteremka. Lakini kuna taa nyekundu imewaka pale kwa dereva, naye anatukana vibaya, mwenyewe ungecheka. Anasema kanyagio la breki limekuwa..."

"Mwambie apige ukuta!" Bi Roswitha alipiga kelele hata Jannik akafungua mlango kwa bega. "Mzee Eugen, unanisikia? Mwambie asingoje kona! Alaze gari kwenye ukuta wa mawe, sasa hivi!"

Upande wa pili wa simu, vicheko vya wazee kumi na sita vikakatika kwa pamoja.